Siagi ya Ndege

Wiebe Terpstra alikuwa na kijiko cha pili mdomoni pale Durk, jirani yake, alipochungulia juu ya ua.

"Wiebe."

Siagi ya karanga humgandisha mtu ulimi hata akiwa na la kusema. Alisimama pale kwenye theluji ya Januari, mkongojo mkono mmoja, kijiko mkono wa pili, na mbele yake chupa ya siagi ya kulishia ndege wakati wa baridi, ndani ya kibanda chake kidogo cha mbao, kwenye tawi la mtofaa.

"Hiyo ni ya ndege," alisema Durk.

"Najua."

"Haina hata chumvi."

"Najua, bwana. Naila mimi, huili wewe."

"Sasa ndege wale nini?"

"Waje kwako. Si kila siku unajisifu unapenda viumbe?"

Durk alicheka mpaka miwani ikamteleza. Alikuwa tarishi wa posta hadi alipostaafu. Miaka yote ile alibeba habari za watu zikiwa zimefungwa kwa gundi, na sasa alikuwa anajilipa. Wiebe alijua kabla ya jua kutua mtaa mzima utakuwa umepata habari.

Kilichompeleka mtu mzima kuiba chakula cha ndege ni goti.

Wiebe alikuwa fundi wa kutandaza matofali ya barabara. Aliacha shule mapema akaingia kazini, na tangu siku hiyo alipiga magoti mchangani mara nyingi kuliko mchungaji yeyote wa kanisa huko kwao Frisia, Uholanzi. Sasa goti la kulia lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Daktari wa mifupa hakuzungusha maneno. "Mwishoni mwa Machi uje hapa ukiwa chini ya kilo mia na kumi na tano, nikuwekee goti jipya. Ukizidi, nafasi yako anapewa mwingine, na wewe unarudi mkiani mwa foleni." Foleni ilikuwa ya mwaka mzima. Mwaka mzima kwenye kiti cha dirishani, akiwatazama vijana wa kampuni wakitengeneza mtaa wake mwenyewe na matofali yanakwenda upogo kama meno ya mzee.

Mkewe, Tjitske, aliingia stoo siku hiyohiyo. Siagi ikatoka, jibini ya mafuta ikatoka, na ile chupa kubwa ya siagi ya karanga, ambayo Wiebe alikuwa akipaka kwenye mkate tangu ana meno ya utoto, ikatoka pia. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Baba yake alikuwa mchinja nguruwe. Alipaka mkate mafuta ya nguruwe unene wa kidole, na akaanguka jikoni akiwa na miaka hamsini na tatu. Wiebe alikuwa na hamsini na nne. Kwa Tjitske, mafuta yalikuwa kitu kinachokuja kuchukua wanaume.

Basi asubuhi Wiebe alipewa biskuti kavu mbili na jemu, na bakuli la mtindi usio na mafuta, mweupe na mwepesi kama maji ya chokaa. Ikifika saa nne tumbo linanguruma. Anasema anakwenda kunyoosha mgongo, anapanda baiskeli yake ya umeme ya magurudumu matatu, na anaishia kwenye kibanda cha chipsi karibu na daraja. Soseji mbili za kukaanga, na mayonezi. Mwenye njaa hana miiko. Kisha anafuta mdomo na kurudi nyumbani kama mtu aliyetoka kanisani. Jumamosi ikifika, mizani ya bafuni haishuki, na Tjitske anakaa ukingoni mwa beseni la kuogea akiuliza, "Lakini tunakosea wapi, Wiebe?" Hilo swali lilimuuma kuliko goti.

Chupa ya ndege aliijaribu kwa bahati tu, siku alipotumwa kuijaza. Alilamba kijiko, akaongeza cha pili. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, na hakukumbuka daraja liko upande gani. Kesho yake akarudia. Siku hiyo pia kibanda cha chipsi kilimkosa. Wiebe hakusoma sana lakini hakuwa mjinga. Alianza kufikiri.

Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Hiske, dada yake Tjitske. Viti vilipangwa duara sebuleni, kila aliyeingia akazunguka, kwa desturi ya kwao, akimpa kila mtu mkono na kumpongeza, hata mbwa akapongezwa. Kahawa ikaja, keki ya krimu ikaja. Mbele ya Wiebe Hiske aliweka tango lililokatwakatwa.

"Shemeji, hili halina dhambi," alisema.

"Halina kitu chochote," alisema Wiebe.

Durk alikuwa akiingojea nafasi hiyo. "Mpe mbegu za alizeti, Hiske. Siku hizi bwana huyu anakula na ndege. Nimemkuta kwa macho yangu, yuko mtini na kijiko! Kidogo tu aanze kulia kama wao."

Duara zima likaangua kicheko. Mjomba mmoja akapiga mluzi kama ndege. Tjitske peke yake hakucheka. Uso ulimwiva mpaka masikioni.

"Ni kweli, Wiebe?"

"Kweli."

"Siagi ya karanga? Mafuta matupu? Machi iko mlangoni, nawe unakula mafuta?"

Wiebe akashika mkongojo akainuka. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale. Walidhani ameondoka kwa aibu, na Hiske akaanza kumpooza dada yake. Lakini mlango ukafunguka tena, na Wiebe akaingia na theluji mabegani, chupa ya ndege kwapani, mizani ya jikoni mkononi. Akaviweka mezani katikati ya vikombe.

"Mmecheka vizuri," alisema. "Sasa tupime."

"Wiebe, kaa chini," Tjitske alisema kwa sauti ndogo.

"Sikai. Nimekaa miezi sita." Alichota siagi, akaiweka kwenye kisosi, akasoma. "Gramu thelathini. Hazifiki kalori mia mbili. Na nikizila sishikwi na njaa mpaka mchana." Akanyoosha mkono akaichukua sahani ya Durk, keki na vyote, akaiangusha keki kwenye mizani.

"Keki yangu hiyo!"

"Sijaila, nimeipima. Kalori mia nne na ushee, jirani. Na hiki ni kipande cha pili, nimehesabu. Nani hapa alikucheka?"

Hakuna aliyepiga mluzi.

"Nyie wote mnajua nisile nini," aliendelea Wiebe. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nimeshiba. Sikushiba! Ndiyo maana kila saa nne nilikuwa kwenye kibanda cha daraja nakula soseji. Ndiyo, Tjitske. Kosa lilikuwa hapo, halikuwa kwako. Kuanzia kesho chupa inakaa mezani kwangu, ya watu, yenye chumvi. Mizani inakaa pembeni yake. Kinachopimika nitakila, na anayetaka kucheka aje acheke akiwa amesimama juu ya mizani."

Walirudi nyumbani. Mlangoni Tjitske alisema bila kumtazama, "Baba alianguka na kijiko mkononi."

"Baba yako hakupima hata siku moja. Alikula mpaka ulimi ulipochoka."

"Sitaki uwe mwembamba, Wiebe. Nataka uwe hai."

"Basi niache nishibe. Mtu mwenye njaa ni mwongo, umeshaniona."

Tjitske alivua buti zake taratibu. "Soseji ngapi?"

"Mbili."

"Na mayonezi?"

"Na mayonezi."

"Mshenzi wewe," alisema, na akaenda kuweka maji ya chai.

Wakaanza. Kila asubuhi kipande kimoja cha mkate mzito wa shayiri, na kijiko cha siagi ya karanga ambacho Wiebe alikisawazisha kwa mgongo wa kisu, vilevile alivyosawazisha mchanga kabla ya tofali la kwanza: hakuna kilima, hakuna shimo. Ikifika mchana kijiko kingine. Alichoongeza hapa alikipunguza kule. Soseji zilikwisha, biskuti zikaenda, jioni viazi vikapungua. Siku nyingine Tjitske alisimama nyuma yake na mikono kiunoni. "Hicho kina mlima." Anakisawazisha upya. Uzito ulishuka kama maji ya bwawa lililofunguliwa kidogo. Kuna wiki ulipanda, na Tjitske akaishika chupa, akalitazama pipa la taka.

"Itupe," alisema Wiebe. "Kisha unipeleke mwenyewe kwenye kibanda."

Akairudisha mezani.

Siku ya hospitali waliondoka mapema. Muuguzi, msichana mrefu asiye na muda wa kupoteza, alimwambia avue viatu tu. Wiebe alipanda juu ya mizani na kizibao chake kizito cha kazini, chenye mifuko tele. Namba zikacheza, zikatulia.

"Mia na kumi na tano na nusu," alisema muuguzi. "Pole, baba. Sharti ni chini ya mia na kumi na tano."

Wiebe hakushuka. "Sitoki hapa."

"Kuna watu wanangoja."

"Na mimi nimengoja. Nyumbani jana nilikuwa chini. Mizani yenu mbovu."

"Mizani yetu haina ubovu, baba. Naomba ushuke."

"Niitie polisi. Wanipime na wao."

Tjitske alikuwa amekaa benchi la ukutani na mkoba mapajani. Ghafla alisimama, akaja mbio, akamshika mumewe kizibao na kuanza kumfungua zipu.

"Mama, hapa hairuhusiwi..."

"Nyamaza, binti." Alitia mkono mfuko wa ndani akatoa chupa. Ilikuwa ya kioo, nzito, imejaa siagi ya karanga, na kijiko kimefungwa shingoni kwa mpira.

Wiebe aliitazama. "Nani kaweka hiyo?"

"Mimi. Tungefika saa nne, na pale chini getini wanauza soseji. Nakujua."

Alimvua na kizibao chenyewe. Namba zikacheza tena. Mia na kumi na nne, na kitu kidogo juu. Muuguzi akainama karibu, akasoma, akakohoa, akaandika.

"Umepita," alisema. "Daktari atakuita."

Wiebe alishuka, akaketi kwenye benchi, mguu mbovu mbele yake. Tjitske alifungua chupa pale pale katikati ya ukumbi, akachota, akatoa kadi ya basi mkobani na kupitisha ukingo wake juu ya kijiko mpaka kikawa sawa kabisa. Akampa mumewe.

Bwana mmoja aliyekaa mkabala nao, na tofaa lake lililomenywa, aliacha kutafuna akakodoa macho.

"Unatazama nini?" alisema Wiebe, mdomo umejaa. "Ni mafuta."