Kitako Kilichoachwa Kirefu

Bunduki zilizoletwa kwa fundi Aruna zilikuwa kuukuu, za enzi za Wabelgiji, na hazikuweza kuua hata panzi. Chuma cha kufyatulia risasi kilikuwa kimeng'olewa. Zilibaki za kufundishia gwaride tu, na kwa kuwa zilitengenezewa majitu ya Ulaya, ilibidi vitako vyake vya mbao vikatwe ili vikae kwenye mabega ya vijana wapya wa kambini. Kazi hiyo ikamwangukia seremala wa Rumonge aliyezoea kutengeneza vitanda.

Aruna hakulalamika. Mkewe Mwanvua alikuwa ameshazikwa. Mwanawe wa pekee, Baraka, aliondoka bila kuaga, baada ya baba kumwambia, kwa hasira za msiba, kwamba mkono wake ule mfupi haufai kazi yoyote. Nyumba ilikuwa imepoa mno, na yeyote aliyebisha hodi, hata mwanajeshi, alikuwa neema.

Ajida Leonidasi, askari mwenye cheo pale kambini, alimletea bunduki pamoja na vijiti. Kila kijiti kilikatwa sawa na mkono wa kijana mmoja, toka kiwiko hadi kidole, kikafungwa kwenye bunduki yake.

"Hii moja angalia muzuri, Muzee," alisema, akionyesha kijiti kifupi. "Mutoto mwenyewe iko murefu, lakini mukono ya kuume iko mufupi. Alianguka kwa muchikichi kule Kizuka, mufupa ukaunga vibaya."

Aruna aliweka msumeno chini. "Anaitwa nani?"

"Baraka. Anajikaza kuliko bote. Lakini bunduki ikikataa kumukaa, komanda amesema arudi nyumbani."

Arudi nyumbani! Mengine yote aliyosema ajida siku ile hayakuingia masikioni mwa Aruna.

Alipobaki peke yake alikata vitako vyote kwa kipimo, akavipiga msasa vikateleza. Cha Baraka akakiacha kirefu, vidole viwili zaidi. Hakuwahi kuharibu kazi kwa makusudi. Akajiambia kwamba baba hawi mwizi kwa kuchukua kilicho chake.

Bunduki zikaenda, naye akaanza kungoja. Alikipaka chokaa chumba cha kijana. Kila gari la kutoka Bujumbura, upande wa kambini, liliposimama karibu na soko, aliacha randa akatoka kuchungulia. Walishuka wauza visamaki vya ndagala, walishuka wanawake na madumu yao ya mawese. Jioni alipika ugali wa kuwatosha wawili, asubuhi akala kiporo. Mvua zikaja, zikaisha.

Ndipo ajida akarudi na mzigo mwingine.

"Kazi ya mara ile ilikuwa muzuri, Muzee. Ni ile moja tu ilikataa. Tukamurudisha."

"Lini?"

"Zamani, mbele ya mvua. Alilia sana. Aliomba akate ile kitako yeye mwenyewe, komanda akakataa."

"Akaenda wapi?"

"Nani anajua? Nilimuuliza kwao ni wapi, nimulipie gari. Akasema hana kwao. Kwao ilikuwa pale kambini."

Ajida alikwishaanza kushusha bunduki. Aruna alitamani kumwambia kwamba kijana yule ana kwao, ni hapa hapa, lakini akainama kumsaidia kuzishusha. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Yeye lake alilila peke yake.