Shangazi wa Miaka Kumi na Saba

Fundi Nashoni wa Nyanungu alikuwa na ndevu nyeupe, cherehani moja na macho yanayokufa. Kufikia umri wa miaka hamsini na tisa alikuwa anatunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha tu. Akauomba ukoo umpe kijana wa kumrithisha ufundi kabla hajawa kipofu kabisa, la sivyo cherehani ile itabaki kiti cha kuku.

Ukoo ukampa Wegesa, binti wa miaka kumi na saba. Sawa. Shida ni kwamba Wegesa alikuwa shangazi yake.

Msicheke. Babu yake Nashoni, mzee asiyejua kuchoka, alioa mke wa mwisho akiwa hana jino hata moja, akamzaa Wegesa. Kwa hiyo Wegesa ni dada wa marehemu baba yake Nashoni, na shangazi kwetu ni baba aliyevaa gauni. Humpingi, humkaripii, na laana yake haina dawa.

Basi kila asubuhi fundi wa miaka hamsini na tisa aliinama mbele ya mwanafunzi wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," Wegesa alijibu akitazama chini kwa aibu. Lakini alijibu, mila ni mila.

Sasa utamfundishaje mtu usiyeweza kumwambia amekosea? Nashoni akapata njia: akawa anaigombeza cherehani.

"Wewe chuma usiye na adabu! Nani kakwambia mkono wa shati unashonwa shingoni?"

Wegesa, mtoto mtiifu, aliposikia hivyo aliifungua cherehani, akaisafisha, akaitia mafuta. Wiki tatu zikapita hivyo. Cherehani iling'aa kama sufuria ya harusi, na mikono ya mashati ikaendelea kuota shingoni.

Ndipo katekista Athanas alipokuja kuchukua suruali yake ya Pasaka. Akaivaa hapo hapo. Jamani! Miguu yote miwili ilikuwa ya kushoto. Athanas alipiga hatua kwenda barabarani, suruali ikampeleka kwenye mihogo. Akarudi, akajaribu tena. Mihogo tena.

Uvumilivu ukamwishia Nashoni. "Mjinga wewe!" akafoka, na safari hii hakuitazama cherehani.

Athanas, huko huko kwenye mihogo, akafanya ishara ya msalaba.

Kesho yake wazee wakakaa. Mzee Ryoba, msemaji wa ukoo, akasema kumtukana shangazi ni kulitukana kaburi la baba. Mkosaji atoe beberu mmoja, na asimfundishe tena binti huyo. Nashoni akajiinamia. Mbuzi si kitu, mbuzi wapo. Lililomchoma ni hilo la pili, maana macho yake yasingemngoja mwanafunzi mwingine.

"Shangazi aliyekosewa naye aseme," Ryoba akamalizia.

Wegesa akasimama, machozi yanamtoka. "Wiki tatu natia mafuta chuma nikidhani ndicho chenye makosa! Mikono inanuka, na sijui kitu. Jana ndiyo mara ya kwanza nimefundishwa. Mbuzi simtaki. Namwamuru mwanangu anikaripie kila siku mpaka nijue kushona. Na akininyamazia, namlaani."

Wazee wakatazamana. Haya, laana ya shangazi nani ataipinga? Ryoba alijikuna kichwa weee, mwisho akasema baraza limekwisha, kila mtu aende kwake.

Siku mbili baadaye Nashoni alisalimia kama kawaida, akapewa suruali ya Athanas iliyoshonwa upya. Hakuiona vizuri. Akapitisha kidole kwenye mshono, polepole, kutoka kiunoni kwenda chini, kisha kidole kikasimama. Akatabasamu.

"Hapa umekosea, shangazi."

Wegesa akachukua wembe, akafumua. "Na wapi tena, mwanangu?"