Visu vya Faina

Kwa miaka thelathini na moja nimenoa visu vya viatu vya barafu katika chumba kilicho chini ya majukwaa ya uwanja wetu hapa Perm, na sheria niliyoachiwa na mzee aliyenifundisha ni moja tu: noa utakavyo, lakini jino la chini usiliguse. Visu vya wanaoteleza kwa madoido vina meno kule mbele, na lile la chini kabisa ndilo linalotangulia barafuni mtu anapotua kutoka hewani. Mcheza hoki hana haja nalo. Mwenye madoido akiharibiwa jino hilo, umemkata kidole gumba cha mguu. Nimewafukuza wanoaji wawili kwa kosa hilo, tena kwa matusi ambayo mke wangu, Mungu amrehemu, hakuamini kwamba nayajua. Kisha nikalifanya mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa miaka miwili, mlango ukiwa umefungwa.

Alevtina, ambaye sote tunamwita Alya, aliyeteleza hapa tangu akiwa mdogo, alikuja chumbani kwangu akiwa na miaka kumi na moja, amekumbatia furushi la kitambaa. Ndani mlikuwa na visu vya marehemu mama yake, Faina. Nilivitambua kabla hajavitoa, kwa mlio wake tu. Faina aliteleza kwenye uwanja huu tangu akiwa mdogo hadi alipoolewa, na kila Jumatano nilimnolea mimi. Alikuwa akikaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, anakula mikate midogo ya nyama na kunidondoshea mchuzi sakafuni, ananicheka jinsi ninavyokunja uso. Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto. Nilimpenda Faina kama binti yangu, na sioni aibu kulisema. Alikufa mwezi wa pili kwa ugonjwa wa damu, ardhi ikiwa imeganda hata wachimba kaburi wakalazimika kuchoma matairi juu yake ndipo ilainike.

Baba yake Alya, Rodion, dereva wa tramu, alioa tena mwaka ulipokwisha. Mke mpya hakuwa mtu mbaya. Lakini nyumba ya vyumba viwili haina nafasi ya marehemu, kwa hiyo koti la Faina likaenda kwa binamu, magauni yakaenda kanisani, na picha zikawekwa juu ya kabati zikitazama ukuta. Visu vilisalimika kwa kuwa vilikuwa nyuma ya beseni bafuni na hakuna aliyevikumbuka.

"Mjomba Tikhon, nifungie hivi kwenye viatu vyangu," Alya aliniambia.

"Mwanangu, hivi vimekwisha. Chuma kigumu kimebaki chembamba kama ukucha. Kikiisha hicho, chini yake ni chuma laini tu, hakishiki makali."

"Nifungie hivyo hivyo. Mguu wangu sasa uko sawa na wa mama. Nilipima kwa kiatu chake."

"Kiatu chenyewe kiko wapi?"

"Wamekigawa."

Ningefanya nini? Nikachukua bisibisi, nikamfungia. Akatoka, na baada ya dakika kumi akarudi kidevu kimechanika, damu imemchuruzika hadi kwenye kola. Nilijua kosa liko wapi. Chuma kilikuwa kimepungua kwa kunolewa miaka mingi, na jino la chini halijaguswa, kwa hiyo lilikuwa limezidi urefu na kumkwaa kila alipogeuka.

"Mama hanitaki," akasema. Hakuwa analia kwa ajili ya kidevu.

Nikamwambia akaoshe uso. Alipotoka nikafunga mlango, nikachukua tupa, nikaipitisha juu ya jino lile mara sita. Akarudi barafuni. Safari hii nilitoka kumtazama, nikamwona anageuka na kuruka, kisha anatua laini. Akaja mbio hadi kwenye ubao wa pembeni, macho yamemtoka.

"Mjomba! Yumo humu! Mama yumo humu, amenishika!"

Nami, mzee mzima mwenye mvi hadi puani, nikamjibu, "Yumo."

Uongo ukishaingia haukai peke yake. Chuma laini hakikai na makali, ikawa Alya anakuja kunolewa kila wiki badala ya kila mwezi, na kila chuma kilipopungua uzi mmoja mimi nilipunguza jino nyuzi mbili, kwa hofu tu asije akakwaa tena. Mwisho jino lile lilikuwa butu kama gego la bibi kizee. Yule mtoto akazoea kuruka bila jino. Akajifunza kutua na unyayo karibu mzima, jambo ambalo hakuna anayefundishwa, na kwa kuwa alikuwa mwepesi na ana moyo wa simba, akalimudu. Alipofika miaka kumi na mitatu alikuwa akizunguka mara tatu hewani. Kabla ya kuingia barafuni aliinama akavigusa visu na kunong'ona jambo. Nilijua anaongea na nani. Na tuseme kweli yote: sikumfanyia yeye peke yake. Kila nilipovishika visu vile Jumatano, nami nilikuwa na Faina mezani.

Januari, Rimma Arkadyevna akaingia chumbani kwangu bila kubisha. Rimma ndiye kocha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita treni, asiyevaa miwani kwa ajili ya majivuno. Alikuwa na kiatu cha Alya mkononi. Akakwangua ukucha wake kwenye makali, ukucha haukutoa hata unga.

"Tikhon Savelich, hiki ni kisu au ni mwiko wa uji?"

"Nimekinoa juzi."

"Juzi ya mwaka gani? Nyie watu wa Perm, masikio yenu yameliwa na chumvi waliyobeba babu zenu, mtu akipiga kelele hamsikii! Machi wanakuja watu wa Petersburg kuchagua mtoto wa kwenda shule yao ya kuteleza. Nafasi ni moja. Moja! Na mimi nimpeleke mtoto na vyuma vya makumbusho?"

"Vilikuwa vya mama yake."

Rimma akakiweka kiatu mezani taratibu, maana Faina naye alikuwa mwanafunzi wake. "Najua vilikuwa vya nani," akasema kwa sauti ya chini. "Mtafutie vipya."

Nikaweka jozi tatu mezani, nikamwita Alya achague. Jozi moja ilikuwa nyepesi, upande umetobolewa kupunguza uzito. Nyingine ilikuwa na tumbo lililobinuka sana, nzuri kwa wanaozunguka papo hapo. Ya tatu ilikuwa ya aina ile ile ya Faina. Alya hakuzitazama mbili za kwanza. Akaichukua ya tatu, akaipitishia kidole kuanzia kisigino hadi mbele, kwenye jino kikasimama.

"Vya mama vilikuwa hivi?"

"Vilipokuwa vipya, ndivyo hivi hivi."

"Mbona jino hili refu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Tulikuwa wawili tu, na wiki nane zilikuwa zimebaki. Mdomo wangu ukajibu, "Vipya huwa hivyo, utazoea."

Nikafungua vya zamani. Nikaziba matundu ya skrubu kwa vijiti na gundi, nikafunga vipya kwa skrubu nne nne tu. Nyingine huachwa kwanza, hadi mguu na kisu vipatane, ili uweze kukisogeza kidogo ndani au nje. Alya akanisaidia kushika kiatu. Alivifunga visu vya mama yake kwenye kile kitambaa, akaniomba nimtunzie.

Akaanguka siku ya kwanza. Nikasema ni ugeni. Akaanguka wiki nzima. Kila akigeuka ili aruke, jino linamkwaa, na akiruka, anatua kwa namna yake ya zamani na kisu kinamtupa. Kila jioni alikuja, nami nikajifanya kusogeza kisu, leo nywele moja ndani, kesho nywele moja nje, huku nikijua kabisa kwamba kisu kimekaa sawa tangu siku ya kwanza. Kule nje Rimma alipiga kelele hadi vioo vikatetemeka: "Alya! Umekuwa ng'ombe kwenye barafu? Nani kakuroga?" Nilisikia kila neno.

Zilipobaki siku kumi na mbili, akaja akichechemea, goti limevimba kama mkate. Akakaa juu ya ndoo ya mama yake.

"Mjomba, nirudishie vya zamani."

"Haviwezi tena, mwanangu. Chuma kimekwisha."

"Basi sitaenda kwa watu wa Petersburg. Mama amekasirika. Nimemvua miguuni nikamtia kwenye kitambaa. Kila nikiruka ananiangusha. Nimemwomba radhi, hasikii."

Alisema maneno hayo taratibu, kama mtu aliyekwishayafikiri sana. Nikachukua kiatu chake, nikakibana mezani, nikachukua tupa. Mara sita tu, halafu mama angerudi. Mtoto angeenda Petersburg na mama yake miguuni, na huko wanoaji wa maana wangeligundua jino siku ya kwanza. Au wasingeligundua, akaendelea kuruka kiwete hadi siku atakayovunjika kabisa. Nikagusisha tupa kwenye jino. Mkono ukakataa.

Nikakunjua kile kitambaa, nikaweka kisu cha zamani kando ya kipya. "Tazama meno," nikamwambia.

Akatazama. Mtoto wa barafuni haelezwi mara mbili.

"Nani amelikata?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipochanika kidevu."

Akagusa kovu lake. "Niliporudi barafuni nikasema yumo..."

"Ilikuwa tupa, mwanangu."

"Na wewe ukasema yumo."

"Nilisema."

"Ukaniacha niongee naye miaka miwili." Sauti haikupanda. Heri angenitukana. "Kwa hiyo hajawahi kunishika. Hata mara moja."

Nikaanza kusema kwamba mama yake alimpenda, kwamba mimi nilimwonea huruma, nikasikia mwenyewe jinsi maneno yalivyo mepesi, nikayaacha. Alya akafungua kibano, akachukua kiatu chake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu mzima anayemuuliza fundi, "Nitue vipi?"

"Ukigeuka, rudisha uzito nyuma kidogo, jino lisiguse. Ukitua, liache litangulie. Liamini. Ndiyo kazi yake."

Akavaa viatu, akatoka. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Tulilia wote wawili, kila mtu upande wake wa mlango.

Nilikwenda kwa Rimma siku ile ile nikamweleza. Alinitukana vizuri, matusi ya kuingia mfupani, kisha akakaa, akasema, "Ningekuwa wewe sijui ningefanya nini," akanitukana tena. Siku nne Alya alianguka kama gunia la viazi. Siku ya tano alitua mara moja. Hakuvigusa tena visu kabla ya kuingia, wala hakunong'ona. Aliipiga barafu kwa hasira, na hasira ikamfundisha upesi kuliko huruma yangu. Siku ya tisa alinipa viatu nikamalizia skrubu zilizobaki. Hakukaa juu ya ndoo. Alisubiri amesimama mlangoni.

Siku ya watu wa Petersburg nilipanda hadi kwenye lango la barafu. Kwetu mtu hatakiwi heri waziwazi. Anaambiwa asipate nyoya wala unyoya, naye sharti akutume kwa ibilisi, bila hivyo bahati haishiki. Tangu akiwa na miaka mitano Alya alikuwa akinituma kwa ibilisi kwa furaha, huku akiruka ruka, mama yake anacheka.

"Nyoya wala unyoya usipate," nikamwambia.

Akanitazama. Akavua vifuniko vya visu, akampa Rimma, akaingia. Sijapata kutamani kutumwa kwa ibilisi kama siku ile.

Aliruka mara zote alizotakiwa, akatua zote, jino linatangulia na kisu kinafuata, kama ilivyoandikwa vitabuni. Mwanamke wa Petersburg aliandika jambo, akamwonyesha mwenzake, wakaafikiana kwa kichwa. Rimma alilia wazi wazi. Watu wakanipiga mgongoni, wakisema binti yako wa visu ameshinda.

Aliondoka kwa treni ya Ijumaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimevipaka mafuta visu vya Faina, nikavifunga kwa kitambaa kisafi na kumpelekea Rodion ampe. Jumatatu nilipofungua chumba, ambacho Rimma alimfungulia Alya Ijumaa jioni kabla ya treni, nilikuta kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya ndoo. Visu vyenyewe vilikuwa chini, kwenye sanduku la chakavu karibu na mlango, pamoja na skrubu zilizopinda na vyuma vya hoki vilivyovunjika.

Nilipiga magoti nikavitoa. Mtoto alikuwa na kitu kimoja cha mama yake duniani, nami ndiye niliyekifanya chuma kitupu. Viko kwenye droo yangu. Jumatano navitoa, navifuta, natazama lile jino, navirudisha.