Kolamu ya Wategemezi

Siku ya kuhamisha data, karani wa bima alifika kazini saa mbili kasorobo, akapangusa kibodi kwa kiganja na kufungua jedwali la wanachama. Lilikuwa na mistari elfu moja mia tisa na arobaini. Kila mstari ulianza na jina la mwanachama, kisha namba ya kadi yake, kisha jina la mtegemezi, yaani yule anayetibiwa kwa kadi hiyo: mtoto, mke, mume au mzazi. Kazi ya karani ilikuwa kuyatoa yote kwenye mfumo wa zamani na kuyaingiza kwenye mfumo mpya kabla ya saa sita.

Meneja alitaka majina ya wategemezi yapangwe kwa alfabeti. Karani akaichagua kolamu hiyo peke yake, akabofya. Kompyuta ikamwuliza kama kolamu nyingine zifuate. Akajibu zisifuate, kwa vile chai ilikuwa inapoa, na mwenye njaa hasomi maswali ya kompyuta. Majina ya wategemezi yakajipanga vizuri. Ya wanachama yakabaki palepale. Akahifadhi, akaingiza, na mfumo ukapokea bila kulalamika.

Mchana huo wategemezi walihama. Mke wa mwalimu alikunja nguo zake, akafunga mlango na kwenda kwa daktari wa mifugo. Mapacha wawili waliagana njia panda, mmoja akashika kulia, mwenzake kushoto. Baba mkwe wa mtu mmoja alibisha hodi kwa kijana mseja, naye kijana akampisha kitandani na kutandika mkeka. Hakuna aliyesahau alikotoka. Ila aliyejaribu kurudi alijikuta mlangoni kwa mtu wake mpya, viatu vimeshavuliwa.

Karani alirudi nyumbani saa kumi na moja, asimkute binti yake wa miaka saba, waliyemwita Chiriku kwa mdomo wake usiopumzika. Kwenye kochi alikaa bibi mmoja, mkoba uko miguuni.

"Karibu, mwanangu," bibi alisema. "Vyombo nimeshaosha, ila vya juu sikuvifikia."

"Asante, mama. Umetoka kwa nani?"

"Kwa mwanangu, meneja wenu. Kanisindikiza mpaka getini."

Chiriku alikuwa amepelekwa kwa mwashi mmoja, mtaa wa pili. Karani alikwenda kumchukua jioni ileile. Walitoka wameshikana mikono hadi kona ya duka la dawa, na hapo mkono wa mtoto ukawa haupo. Alikuwa ameketi tena kwenye kibaraza cha mwashi, anamalizia hadithi ya mwalimu wao aliyekalia chaki. Walijaribu mara nne. Mara ya nne mtoto alianza kubanwa na kifua, kwa maana alikuwa na pumu, na mwashi akakimbia ndani kumletea dawa ya kuvuta.

"Nimeichukua hospitali leo kwa kadi yangu," alisema kwa aibu kidogo. "Wametazama kwenye kompyuta, wakasema yuko kwangu."

Alikuwa mtu mwema. Karani angefarijika kama angekuwa mkorofi.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa meneja kabla hata hajaweka mkoba wake chini.

"Kosa ni langu, bosi. Lakini nakala ya faili la mwanzo unayo kwenye droo. Tukiiingiza hiyo, kila mtu anarudi kwao."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Mfumo haupokei mstari mmoja mmoja."

Meneja alikuwa amenawiri. Kwa miaka sita aliamka alfajiri kumwinua mama yake, kumkanda magoti na kumhesabia vidonge, na leo alikuja kazini anapiga mluzi. Alitazama droo, akaifunga kwa ufunguo.

"Utaratibu ni kwamba marekebisho hufanywa kwenye uhakiki wa mwaka. Vuta subira."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Uchungu wa mzazi hawakuusemea, wakamwachia kila mtu ajijue. Karani alipigwa danadana wiki nzima, kutoka dirisha hadi dirisha, na kila dirisha lilimrudisha kwa meneja.

"Hatakubali," bibi alisema karani alipokuwa akimkanda magoti. "Si mtoto mbaya. Amenichoka tu."

"Wewe mwenyewe hutaki kurudi, mama?"

"Nirudi kwa mtu aliyepumua nilipoondoka?"

Karani akahamia goti la pili. Alimpenda yule bibi, na alimchukia kwa kukalia kochi la mwanawe.

Mwaka ukapita. Kila Jumapili karani alikaa kwenye kibaraza cha mwashi, akasuka nywele za Chiriku na kusikiliza maneno yake yote. Mwezi wa nane mtoto alimwita mwashi baba, akaendelea kuongea kama hakusema kitu.

Siku ya uhakiki meneja alileta faili lililotolewa kwenye mfumo kama lilivyokuwa, pamoja na karatasi ya kusaini: *Nathibitisha kwamba taarifa hizi ni sahihi.*

"Na ile nakala, bosi?"

"Nakala ipi?" Meneja alitazama saa. "Hulazimishwi. Usiposaini, kadi zote zitazimwa saa sita."

Mwashi alikuwa amempigia simu asubuhi. Dawa ya mtoto imekwisha, alisema, wangekwenda hospitali saa saba. Karani alilia palepale mezani, waziwazi, na wenzake wakashusha macho kwenye kazi zao. Kisha akasaini, akaingiza faili. Mistari elfu moja mia tisa na arobaini. Makosa, sifuri.

Meneja aliisoma karatasi mpaka chini, akaikunja. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Na mama yako, magoti yanamwendeaje?"

"Afadhali, bosi. Siku hizi anafika dirishani mwenyewe."

"Mpe pole sana," meneja alisema, akaenda kula.