Baba Yuko China

Barua ya shule haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomchoma Badria. Ilieleza kwa upole kwamba Sitara, mwanafunzi wa darasa la pili, ana wiki tisa hajatoa neno shuleni. Akiitwa jina haitiki, mwalimu akiingia hasemi shikamoo, hata akibanwa na haja haombi ruhusa, anavumilia mpaka yanayotokea yanatokea. Mzazi anaombwa ampeleke mtoto kwa mwanasaikolojia kwa ajili ya tathmini, na alete ripoti kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, vinginevyo shule haitampokea muhula ujao.

Badria aliisoma amesimama dukani kwake Mtaa wa Congo, katikati ya madera na mitandio, akaikunja mara nne, akaisukumia kifuani. Mwanawe hakuwa bubu. Nyumbani aliongea, ingawa kwa sauti ya chini, na akija mgeni alifunga mdomo mpaka mgeni aondoke. Aibu za watoto tu hizo. Kilichomkaa Badria kichwani ni lile neno tathmini, na kwake yeye tathmini ni mtihani. Na mtihani, kwa mtu aliyekulia Kariakoo, hauendewi kichwakichwa. Kwanza unamtafuta anayejua kitakachotoka.

Mjini hapa wanaojua hawakosekani. Mwalimu Beno, mwenye kibanda cha tuisheni nyuma ya gereji moja kwenye mtaa wa Gerezani, alikuwa ameshafundisha Hisabati, Kiingereza, usaili wa kazi na sheria za barabarani, na gari hajawahi kuendesha. Alipoulizwa kuhusu saikolojia hakupepesa macho.

"Saikolojia nyepesi, Mama Sitara, maswali yanajirudia," alisema. "Wanamwambia mtoto achore nyumba na familia. Hapo ndipo wanapowakamata. Nyumba haina mlango, kafeli. Katumia rangi nyeusi, kafeli. Kwenye familia baba lazima awe katikati, mkubwa, anacheka, kamshika mama mkono."

Wakamaliza jioni tatu wanachora. Sitara alifuata kila alichoambiwa bila kumjibu Mwalimu Beno hata mara moja, naye Beno, aliyezoea wanafunzi wabishi, akasema katika maisha yake hajapata mtoto mwenye nidhamu kama huyu. Penseli nyeusi ilitolewa kwenye pakiti ikafichwa. Kufikia jioni ya tatu, baba wa kwenye karatasi alikuwa anacheka meno yote thelathini na mawili, na mkono wa mama kaukamata kama anayeogopa kupoteana naye sokoni.

Baba mwenyewe, Haruna, alikuwa Buguruni, humu humu Dar es Salaam. Alioa mke wa pili mwezi wa tatu, akaahidi kugawa zamu kama dini inavyotaka, kisha zamu ya Kariakoo ikawa inasahaulika, mwisho akaja kuchukua na nguo zake. Wangapi hayajawakuta hayo? Shida ni kwamba Badria ndiye aliyekuwa bingwa wa kuwacheka waliokutwa nayo. Mtaa mzima ulikumbuka jinsi alivyokuwa akiigiza wanawake wenzake walioletewa wake wenza, mpaka wateja wanasahau walichofuata dukani. Basi siku Haruna alipobeba begi, Badria alitangaza kuwa mumewe amesafiri, amekwenda China kufuata mzigo. Na kabla begi halijafika hata kituoni, alimshika Sitara mabega yote mawili.

"Ukiulizwa baba yuko wapi, yuko China," alimwambia. "Usimwambie mtu kingine. Mtu yeyote! Ukiteleza tu ulimi, umeniua mama yako."

Mtoto aliitikia kwa kichwa.

Siri yenyewe ilidumu siku mbili. Stella wa duka la jirani alimwona Haruna sokoni Buguruni amebeba fungu la nyanya, akamwambia muuza kahawa, na habari ikishafika kwa muuza kahawa haihitaji msaada wa mtu. Lakini watu wa Kariakoo wana ustaarabu wao. Kila asubuhi walimuuliza Badria, "Shem anaendeleaje na baridi ya China?" naye akijibu kwamba anaendelea vizuri, anawasalimia. Walimshukuru, wakageukia vitambaa vyao wakacheka mpaka machozi. Badria akijiona kawaweza.

Kituo cha saikolojia ya watoto kilikuwa Upanga, ghorofa ya kwanza. Mwanasaikolojia aliitwa Shivani, mama wa makamo mzaliwa wa Kisutu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hapa hapa.

"Mambo, Sitara?" alisema.

"Poa," alijibu Badria. "Hajambo kabisa."

"Unapenda kula nini, Sitara?"

"Wali na maharage ya nazi."

"Mama Sitara, nilikuwa namuuliza yeye."

"Anasikia, daktari, wewe endelea tu."

Sitara akapewa karatasi. Hakusita. Nyumba ikatoka, mlango ukatoka, baba akatoka katikati na meno yake yote. Badria alikunja mikono akitabasamu, maana aliona kabisa alama zinavyoingia. Shivani aliitazama picha ile kwa muda.

"Nzuri sana," alisema. "Mwezi huu wewe ni mzazi wa tatu kuniletea baba huyu huyu na meno haya haya. Mwalimu Beno hajambo?"

Badria akasema hamfahamu mtu wa jina hilo.

Shivani hakubishana naye. Alichukua fomu ya familia, akauliza baba wa mtoto yuko wapi, akajibiwa yuko China. Akasema vizuri, ila yeye haandiki ripoti bila kuzungumza na wazazi wote wawili, na kama baba yuko mbali, simu ya video inatosha. Akampangia Alhamisi saa tano, siku moja kabla ya tarehe ya shule.

Badria alipotoka pale alimpigia mumewe, kwa mara ya kwanza tangu Machi bila matusi. Haruna alikubali haraka. Alimpenda mtoto wake, na mdomo wa Badria aliuogopa hata kwa simu. Aliagizwa vitu viwili: atafute mahali panapofanana na China, na avae ya baridi.

Alhamisi saa tano uso wa Haruna ukatokea kwenye simu iliyowekwa mezani mbele ya Shivani. Alikuwa kavaa koti zito la mtumba lenye manyoya shingoni, na kofia ya sufu imefunika masikio. Nyuma yake yalipangwa maboksi ya spea za pikipiki, kila moja lina maandishi ya Kichina. Badria alimtazama mumewe kwa fahari ambayo hakuwa nayo hata siku ya ndoa.

"Huku baridi sana," alisema Haruna, akifuta jasho lililokuwa linamdondokea puani.

"Pole," alisema Shivani. "Baba Sitara, unadhani mtoto alianza kunyamaza lini hasa?"

Haruna akafungua mdomo. Kabla hajasema kitu, nyuma ya maboksi ya China konda wa daladala alipiga ukelele wa kukata na shoka: "Buguruni Sheli! Sheli wapo? Haya, shusha Sheli!"

Badria alikuwa bado anatafuta namna ya kueleza konda yule amefikaje huko, ndipo sauti nyembamba, safi, ikasikika kutoka kwenye kiti cha pembeni.

"Baba, kata simu! Wanasikia!"

Simu ikakatwa.

Badria aliruka akapiga vigelegele, watu waliokuwa wakisubiri nje wakachungulia. "Umesikia?" alimwambia Shivani. "Kaongea! Mbele yako kaongea! Andika, daktari, andika hapo kapona!"

Shivani hakuandika. Alihamisha kiti chake akakaa karibu na mtoto, akamuuliza polepole: "Sitara, shuleni ungeongea, ingekuwaje?"

Sitara alimwangalia mama yake kwanza. Kisha alitazama viatu vyake.

"Ningeteleza," alisema.

"Hata ukisema shikamoo tu?"

"Nikisema shikamoo wataniuliza hujambo. Halafu nani amekuleta. Halafu baba yuko wapi." Akamwangalia tena mama yake. "Nikiteleza, mama anakufa."

Badria alikirudia kiti chake. Alikaa. Alimkumbuka Stella na swali lake la baridi ya China, jinsi alivyokuwa akilibana domo lake wakati wa kuuliza, na muuza kahawa, na wale wa vitambaa wanaogeuka wote kwa pamoja. Walijua. Walijua tangu mwanzo, na kila asubuhi alikuwa akifungua duka lake ili wamcheke. Siri ya Badria haikutunzwa na mtu yeyote Dar es Salaam nzima, isipokuwa mtoto wa miaka saba, aliyeona njia ya hakika ya kuitunza ni kutosema lolote. Alikojoa darasani kwa ajili yake. Badria aliona aibu, siyo ile ya mtaani aliyokuwa akiikimbia, nyingine, na hii ilimuuma hasa.

"Ripoti nitaandika," alisema Shivani. "Mtakuja wote watatu, tutakaa, tutaongea, itachukua muda. Lakini neno la kwanza siyo langu. Ni lako, Mama Sitara."

Badria alimvuta mtoto akamsimamisha mbele yake. Sauti yake, inayouza madera kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, ilitoka kidogo sana.

"Mwanangu, baba yako yuko Buguruni. Ana mke mwingine. Ukitaka kusema sema, kwa yeyote yule. Mimi sifi."

Sitara aliutazama mlango, akamtazama Shivani. Kisha alimsogelea mama yake, akakinga mdomo wake kwa kiganja, kama mwanafunzi anayemwokoa mwenzake aliyekwama kwenye mtihani.

"China, mama," alimnong'oneza. "Sema China."