Wimbo wa Pili

Recheli hajawahi kuishi Kaliua hata siku moja, lakini Ipuli nzima, pale Tabora mjini, ingekuapia kwamba ndiko kwao. Alisema hivyo miaka ishirini na tisa iliyopita, alipochumbiwa, na uongo ukishapata wajukuu nani tena atauvunja? Alisema ni yatima, kalelewa na shangazi, na shangazi naye kafa. Watu wakampa pole. Zile pole alizipokea kwa mikono miwili, Mungu amsamehe.

Kwao hasa ni Makao, ng'ambo ya mashamba ya tumbaku ya Urambo, kwenye njia ya zamani ya misafara. Wazee walisimulia kuwa wapagazi walioshikwa na ukoma waliachwa hapo, mizigo yao ikagawanywa, msafara ukaendelea. Baadaye wamisionari Wamoraviani wakajenga mabweni na kanisa la matofali, na wagonjwa wakaletwa kutoka kila upande. Recheli alifika mgongoni mwa mama yake, hajaota meno. Alipotimiza miaka sita mama akafa, na hakuna ndugu aliyekuja hata kuuliza kama marehemu kaacha mtoto. Wakamlea watu arobaini ambao karibu wote hawakuwa na vidole.

Yeye alikuwa navyo kumi. Kwa hiyo kule hakuitwa Recheli, aliitwa Vidole. Vidole, njoo utunge uzi. Vidole, nichomolee mwiba huu, mimi siusikii. Vidole, tufunulie Zaburi. Kila jioni alikaa katikati yao akifunua kurasa, mwenye macho akasoma, na wale ambao ukoma ulikwishawapofusha wakasikiliza wameinamisha vichwa. Walisali bila kufumbata mikono, maana hapakuwa na cha kufumbata. Mtu akisema leo kwamba Recheli ni mama wa sala, anayejua kukaa na mgonjwa bila kuziba pua wala kutazama saa, ajue kwamba hakuyapata hayo Ipuli. Yote aliyapata Makao. Asante yake wao hawakuwahi kuisikia.

Aliyekuwa karibu naye kuliko wote alikuwa mzee Samweli, mpiga tromboni. Mikono yake iliishia kwenye viganja, lakini alifunga kipande cha mpira wa baiskeli kwenye ule mrija unaosogea, akaingiza kifundo cha mkono ndani yake, akausukuma na kuuvuta mpaka tromboni ikasema. Alimfundisha Recheli tangu ana miaka tisa. Na kule tromboni haikuwa pambo la ibada. Ndiyo iliyowapasha habari vipofu. Mtu akifa, zilipigwa nyimbo tatu. Wa kwanza ulisema kuna aliyeondoka. Wa pili ulisema ni nani: kulikuwa na wimbo wa mtoto, wa mama, wa baba, na wimbo wa mtu aliyekufa bila mtoto, huu mfupi, wa kusikitisha kupita yote. Wa tatu ulikuwa wa kumuaga marehemu. Hakuna aliyeteremshwa kaburini kabla ya zile tatu kwisha.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, Recheli akichambua mchele, simu ikalia. Alikuwa mwinjilisti wa Makao.

"Mama, mzee Samweli amefariki alfajiri. Tunazika leo saa kumi, joto haliruhusu zaidi. Bibi Levina anasema hateremshwi mtu bila tromboni, na wa kuipiga umebaki wewe."

Recheli aliusukuma ungo pembeni. Hakulia. Alikwenda chumbani, akatoa kanga mbili, na mumewe Xavery akamkuta anazikunja.

"Nani amekufa?"

"Mzee mmoja. Alinifundisha nyimbo utotoni."

"Kule Kaliua?"

"Alihamia Urambo."

"Basi nakusindikiza. Kama ndiye aliyekufundisha kuimba, aliyefaidi ni mimi. Nitakosaje kumzika?"

Xavery ni mtu wa misiba. Hajawahi kuona turubai akapita. Recheli alijaribu kumwambia kwamba mgongo wake hautaki safari, kwamba njia ni mbovu, na kadiri alivyojaribu ndivyo Xavery alivyozidi kutafuta kofia yake. Mficha maradhi kilio humfichua. Waliondoka pamoja.

Pale Urambo walipoteremka kwenye basi, Xavery akapatana na kijana wa bodaboda. Recheli akataja njia: upite ghala la tumbaku, uvuke korongo. Kijana akageuka.

"Kwa wakoma?"

Xavery alicheka kidogo, akidhani kijana amekosea. Halafu akamtazama mkewe, akaacha kucheka.

"Ndiyo," alisema Recheli. "Huko huko."

Alikaa katikati, kati ya dereva na mumewe, na kwa muda wote wa vumbi lile aliona mbele yake kitu kimoja tu: mlango wa kanisa kubwa kule Tabora, siku ya harusi yake. Alikuwa amehamia kwenye kanisa la mume, Katoliki. Hakuwaalika watu wa Makao. Samweli alisikia kwa watu, akaja peke yake, tromboni ndani ya gunia, sehemu ya njia kwa miguu ile iliyokwisha. Maharusi walipotoka akaanza kupiga. Alipiga vizuri kuliko siku zote. Watu wakarudi nyuma wakishika midomo. Mama mkwe, Eustadia, mwanamke aliyejua kuuliza, akauliza: "Huyu ni nani, Recheli? Mnajuana?"

Na Recheli akasema: "Hapana, mama. Ni ombaomba tu. Hawakosi kwenye harusi."

Samweli alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alishusha tromboni. Mtu huyu aliyelima mihogo yake mwenyewe kwa jembe alilofungiwa mkononi, ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi, alivua kofia akanyoosha kiganja kisicho na vidole. "Hongera, bibi harusi," alisema. "Msaidieni maskini." Mama mkwe akaagiza apewe pilau kule nyuma, karibu na jalala. Xavery, bwana harusi, akasema wamwongeze nyama. Ilionekana ni familia yenye huruma.

Tangu hapo Recheli alikwenda Makao mara mbili kwa mwaka, kwa siri, na sabuni na sukari. Samweli alimpokea kama zamani. Hakuligusa jambo lile hata kwa mbali, na Recheli akajifanya kuamini kwamba limesahaulika. Nani husahau?

Makao sasa ni mabweni mawili yaliyobomoka paa na kanisa lenye popo. Kati ya wale arobaini alibaki Levina peke yake, kipofu, amekaa kwenye kigoda kando ya sanduku la mbao mbichi. Walikuwepo mwinjilisti na wachimba kaburi wanne kutoka kijiji cha pili, waliosimama mbali kidogo na sanduku. Wagonjwa wote wa Makao walikwishapona ukoma miaka arobaini iliyopita, lakini hofu haina dawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vidole! Nilijua utakuja." Levina alimpapasa uso kwa viganja. "Na nani huyo anayehema nyuma yako?"

"Mume wangu."

"Xavery! Karibu, baba, karibu kwenu. Samweli alitusimulia sana wema wako."

Xavery alitoa shikamoo nusu nusu. Macho yake yalikuwa juu ya tromboni, iliyolazwa kwenye jamvi, na kile kipande cha mpira wa baiskeli. Recheli alimwona akikumbuka.

Kule Makao kila mtu huacha wasifu wake, ameusema mwenyewe akiwa hai, ili usomwe kaburini kwa maneno yake. Mwinjilisti aliuandika wa Samweli mwezi wa Pasaka. Alipotaka kuanza, Levina akamzuia.

"Mpe Vidole. Ndiye aliyekuwa anatufunulia kurasa."

Recheli akapokea daftari. Akasoma mahali alipozaliwa marehemu, mwaka aliougua, siku baba yake alipomfikisha njiani na kumwambia asigeuke. Akasoma jinsi Wamoraviani walivyomwachia tromboni. Sauti yake ilikuwa imara. Kisha akafika ukurasa wa mwisho.

"Sikuoa, na hakuna aliyewahi kuniita baba fulani. Lakini Mungu alitupa Vidole. Siku ya harusi yake nilikwenda Tabora nikampigia. Aliponiona aliacha wageni wote, akanishika mkono huu mbele ya kanisa zima, akasema, huyu ni mtu wa kwetu. Nikaketishwa na wazee wa bwana harusi. Nikala pilau yenye nyama nyingi. Nashukuru kwa siku hiyo. Ndiyo siku kubwa ya maisha yangu, na naomba isomwe."

Levina alikuwa akitikisa kichwa taratibu, anatabasamu.

"Alirudi akatupigia nyimbo zote za harusi," alisema. "Tulikuwa kumi na tisa wakati ule. Kila aliyekuwa anakufa alikuwa akiomba asimuliwe tena ile meza. Tukasema, yupo mmoja kati yetu aliyekaa mezani na watu. Alipoketishwa yeye, tuliketishwa na sisi."

Recheli alifunga daftari. Angeweza kunyamaza. Wasifu umesomwa, bibi amefurahi, marehemu amepata alichoomba. Kilichobaki ni kupiga na kuondoka. Hata mimi ninayesimulia sijui kama ningefumbua mdomo. Lakini pale mbele ya sanduku alihisi kwamba akinyamaza atakuwa anamlisha Samweli jalalani mara ya pili.

"Bibi, si kweli," alisema. "Sikumshika mkono. Niliulizwa kama namjua, nikasema ni ombaomba. Pilau alipewa nyuma ya jiko, karibu na takataka. Alinisikia, akajifanya ombaomba kweli ili nisiaibike. Mimi nimelelewa hapa. Kila nilicho nacho cha Mungu nimekipata kwenu, na siku niliyotakiwa kusema asante niliwakana."

Mkataa kwao mtumwa, wanasema watu, na kwenye njia ile ya misafara hawasemi kwa mzaha. Wachimba kaburi wakatazama majembe yao. Xavery aligeuka, akatembea mpaka kwenye bodaboda, akasimama huko akiwapa mgongo.

Tabasamu lilikuwa limemtoka Levina, na bila hilo alionekana mzee sana.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza. "Mimi nimebaki na nini tena?"

Recheli aliliweka daftari kwenye jamvi.

"Piga, mama," alisema Levina. Hakumwita Vidole. "Jua linashuka na mtu yuko juu ya ardhi."

Aliinua tromboni. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Aliingiza kifundo cha mkono kwenye ule mpira, kama Samweli, ingawa vidole alikuwa navyo. Sauti ya kwanza ilitoka kama kikohozi, mchimbaji mmoja akaguna. Akajaribu tena. Wimbo wa kwanza ukapita, umepasuka mahali pawili, lakini ukapita: kuna aliyeondoka. Midomo iliyokaa miaka thelathini bila kazi ilianza kuvuja damu.

Akavuta pumzi, akaanza wa pili.

Levina akainua kichwa ghafla.

"Umekosea," alisema. "Huo ni wa baba. Samweli hakuwa na mtoto. Piga ule mfupi."

Recheli alifuta mdomo kwa kanga.

"Sijakosea, bibi," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomshika. Akaurudia kutoka mwanzo, wote, ule mrefu, akilia na kupuliza, na palipohitaji pumzi asiyokuwa nayo alisimama, akahema, akaendelea. Kisha akapiga wa kuaga. Kule kwenye bodaboda Xavery alikuwa amevua kofia, ila hakugeuka. Aliyestahili kusikia alikuwa ndani ya mbao, hasikii.

Ilipokwisha, wachimba kaburi walisubiri. Kamba zilikuwa mikononi mwao, na hakuna aliyejua nani atoe amri. Levina alipapasa mbele yake mpaka akaligusa sanduku, akaliwekea kiganja.

"Haya," aliwaambia. "Mteremsheni Baba Vidole."