Kitufe cha Kunyamazisha Gitaa

Fundi wa redio alikuwa ameinamia spika iliyopasuka pale mume wa dada yake alipoingia kibandani, gitaa la umeme mgongoni, akitabasamu kama mtu aliyekuja kuomba kitu.

"Shemeji, nataka sauti ya gitaa ikatike."

"Hata majirani zako wanataka hivyo hivyo," fundi akamjibu bila kuinua kichwa.

Shemeji akacheka, kisha akaeleza. Alitaka kitufe: akikibonyeza, sauti inyamaze papo hapo, akikiachia, irudi. Akibonyeza haraka haraka, noti moja ndefu itoke vipande vipande kama kigugumizi. Bendi yake ilikuwa na onyesho Jumamosi mchana.

Fundi aliona ni kazi ndogo tu. Akafunga swichi ya taa ya mezani katikati ya waya wa sauti. Wapi! Kila walipoizima, spika ilinguruma vuuu, na swichi yenyewe ilikuwa ngumu kama mlango wenye kutu.

"Hii itabidi niibonyeze kwa nyundo," shemeji akasema.

Fundi alikaa na jambo hilo siku nzima, hata chai yake ikapoa. Mwishowe akaona kosa lake: waya ulioachwa wazi ndio uliokuwa ukinguruma. Asiukate. Kitufe kikibonyezwa, kiunganishe waya wa sauti na waya wa ethi, ule usiobeba sauti, ili sauti yote ipotelee huko kabla ya kufika kwenye amplifaya. Akang'oa kitufe laini kwenye mashine mbovu ya michezo ya watoto, akakilehemu, akakibandika juu ya gitaa kwa utepe ili shemeji ajaribu. Wakakihamisha huku na huku mpaka kidole chake cha mwisho kikakifikia bila mkono kuacha nyuzi.

Ikabaki kutoboa. Keekee ilipogusa gitaa, kitu kikalia kraa, na ufa ukatambaa kwenye rangi. Shemeji akageuza uso ukutani. Ndilo gitaa pekee shemeji alilokuwa nalo. Fundi akapitisha ukucha polepole juu ya ufa, kipande cha rangi kikabanduka, na chini yake mbao ilikuwa nzima kabisa.

"Geuka, baba. Ni rangi tu."

"Usinifanyie hivyo tena," shemeji akasema, akijifuta jasho.

Jumamosi fundi alisimama karibu na jukwaa pamoja na dada yake. Kitufe kilifanya kazi vizuri, noti zikakatika ta-ta-ta-ta, watu wakapiga vigelegele. Halafu, katikati ya wimbo wa mwisho, gitaa likanyamaza. Kimya. Kimya kikaendelea.

"Kimekwama," fundi akanong'ona. "Dada, nimemwaibisha mumeo."

Shemeji alikuwa amesimama akimtazama fundi, mkono juu ya nyuzi. Kisha akainua kidole cha mwisho, taratibu, na sauti ikarudi yote kwa pamoja, ngoma nazo zikaingia, ukumbi mzima ukaruka.

Alikuwa amekishikilia kwa makusudi!

Fundi akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akacheka mpaka machozi.

"Akishuka hapo nitamnyonga," akasema.

"Subiri kwanza amalize wimbo," dada akamwambia, akimpa maji.